Gemu Mpya ya Mpira "Ni Nzito"? Mwongozo Kamili wa Kuijaribu Demo Kabla ya Kutoa Hukumu

Septemba 2011 niliicheza demo (kipande cha bure cha kuonja gemu kabla ya kuinunua) ya FIFA 12, gemu ya mpira ya kampuni ya EA, kwa mara ya kwanza, kwenye kompyuta ya rafiki yangu pale Tanga. Tulikuwa watu watano chumbani, pedi mbili za kuchezea, zamu kwa zamu. Mechi ya kwanza nilifungwa matatu, ya pili nikafungwa manne, na kabla saa moja haijaisha wote tulishakubaliana kwamba gemu imeharibiwa: mabeki hawakabi. Nilikuja kuelewa kilichotokea baadaye, nilipokaa na gemu yenyewe kwa utulivu. Katika matoleo ya nyuma, ukishikilia kitufe cha pasi wakati huna mpira, beki wako alikimbia mwenyewe kwenda kunyang'anya. FIFA 12 ilileta ukabaji mpya. Kitufe kilekile sasa kilimfanya beki amfuate mpinzani kwa umbali tu, na kuingia miguuni ukawa uamuzi wako, kwa kitufe kingine na kwa wakati wake. Tulikuwa tunakaba kwa vidole vya mwaka uliopita. Ukabaji ule tuliouhukumu ndani ya saa moja ndio uliokuja kuwa wa kawaida, na vijana wanaocheza leo hawajui mwingine.

Tangu hapo nina utaratibu wangu wa kujaribu demo, nimeurekebisha mwaka hadi mwaka, na hapa nauweka wote. Unahitaji siku tatu, daftari, simu yenye kamera, na kama inawezekana, gemu ya zamani iwe bado ipo kwenye mashine. Mifano yangu mingi ni ya mpira wa miguu kwa sababu ndio ninaoujua, ila hatua zenyewe zinafaa hata kwa kikapu au tenisi.

Kwanza tulifumue neno "nzito"

Ingia banda lolote la gemu, liwe la Temeke au la Eastleigh, siku ambayo kitu kipya kimewashwa. Neno la kwanza utakalosikia ni "nzito". Likikosekana hilo, basi "nyepesi". Ni neno zuri, limebeba mengi, na hapo ndipo shida inapoanzia, maana nimewasikia watu wanne wakilitamka kwa gemu moja kila mmoja akikusudia jambo lake.

Kuna uzito wa pedi: umebonyeza, picha imechelewa kuitika. Kuna uzito wa mashine: picha inakatika-katika, hasa kwenye kona wachezaji wanaporundikana golini. Kuna uzito wa miili: beki mrefu aliyeshika kasi hawezi kugeuka papo hapo, lazima apunguze mwendo, aweke mguu, ndipo ageuke. Halafu kuna uzito wa mpira, yaani pasi inatambaa kwenye nyasi kama imepigwa na mtu aliyechoka.

Uzito wa kwanza mara nyingi unatoka sebuleni kwako, na utautibu bila senti moja. Wa pili unategemea mashine uliyo nayo. Wa tatu umewekwa kwa makusudi na ndiyo tabia ya gemu. Usipoupenda leo, usitegemee utaondoka. Wa nne ndio rahisi kuliko yote kubadilishwa na apdeti moja. Anayesema "nzito" akaishia hapo hajamwambia mwenzake kama asubiri, abadilishe TV, au aachane na gemu kabisa. Karibu kila hatua inayofuata ni njia ya kujua umekutana na uzito upi.

Hatua ya 1: Jua ulichokishusha ni kitu gani

Zamani mambo yalikuwa wazi. Kila mwaka kati ya Julai na Septemba demo zilitoka, ukapewa timu chache na vipindi vya dakika kadhaa, basi. Demo ya PES 2020, gemu ya mpira ya kampuni ya Konami, ilitoka tarehe 30 Julai 2019, ya FIFA 20 ikafuata tarehe 10 Septemba mwaka huohuo, ikiwa na ladha ya VOLTA, ule mpira wa mtaani. Hiyo ya FIFA 20 ndiyo ikawa ya mwisho kwa jina la FIFA. Mwaka 2020 EA walitangaza kwamba FIFA 21 haitakuwa na demo, na mwaka 2023 gemu ikabadili jina kuwa EA Sports FC. Upande wa pili, Konami waliizika PES wakaleta eFootball, ambayo tangu Septemba 2021 inashushwa bure, kwa hiyo gemu yenyewe ndiyo demo.

Leo basi, unapojaribu gemu ya michezo unakuwa na mojawapo ya hivi. Unaweza kuwa na jaribio la muda, kama zile saa 10 wanazopewa wanachama wa EA Play, huduma ya kulipia ya EA. Hapa kuna maendeleo yanayobaki: ukinunua, unaendelea ulipoishia. Unaweza kuwa na gemu ya bure kama eFootball. Unaweza kuwa na demo halisi ya kompyuta, na nyingi za watengenezaji wadogo hutolewa Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wakati wa tamasha lake la demo liitwalo Next Fest, Februari, Juni na Oktoba. Na kuna njia ambayo wengi hawaihesabu kuwa demo: Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 tangu ununue, ilimradi hujacheza kufikia saa 2.

Angalizo moja kubwa kwa haya yenye saa. Saa inahesabu tangu gemu inapofunguka, si tangu kipenga. Ukiiacha kwenye menyu ukaenda kula, umekula na muda wako. Funga gemu kabisa kila unapoinuka, na mipangilio yote ya kamera na vitufe iamue kichwani kabla hujaiwasha.

Kuhusu bando: gemu hizi ni makumi ya GB, na demo ya kawaida nayo ni GB kadhaa. Mimi hushusha usiku kwa bando la usiku, na huangalia kwanza nafasi kwenye diski, kwa sababu mashine nyingi huhitaji nafasi ya ziada wakati wa kusakinisha. Ushushaji ukikatika asilimia 90 kwa kukosa nafasi, inauma.

Hatua ya 2: Safisha njia kati ya kidole na picha

Hapa tunaondoa uzito wa kwanza kabla haujachafua mengine yote.

TV za kisasa huipamba picha kabla ya kuionyesha: hulainisha mwendo, hunoa kingo, huongeza rangi. Mapambo hayo yanachukua muda, na muda huo ndio unaousikia kidoleni. Ingia kwenye mipangilio ya picha, tafuta modi ya gemu, iwashe. Kama haipo, zima kimoja kimoja kila kinacholainisha mwendo au kupunguza chengachenga. Kama gemu inapita kwenye kisanduku kingine kabla ya kufika TV, kitoe, chomeka waya wa HDMI moja kwa moja.

Kisha pedi. Fika uwanjani, mshike mchezaji, toa kidole kwenye kijiti. Akitembea mwenyewe, kijiti kimechoka, na kila chenga utakayoilaumu demo itakuwa imetoka hapo. Badilisha pedi au azima.

Sasa kipimo chenyewe, na hiki nakipenda sana kwa sababu kinamaliza ubishi. Chukua simu yenye kurekodi mwendo wa polepole, iwe fremu (picha moja moja za video) 240 kwa sekunde. Iweke ionekane pedi na TV kwa pamoja. Mchezaji akiwa amesimama na mpira, bonyeza pasi kwa nguvu ionekane. Halafu tazama video fremu kwa fremu, hesabu kuanzia kidole kinapogusa chini hadi mguu wa mchezaji unapoanza kusogea. Kila fremu ni kama milisekunde 4. Ukihesabu 24, ni takriban milisekunde 100. Simu yako ikiishia fremu 120, kila moja ni kama 8. Rudia mara tano, chukua ya katikati.

Nambari yenyewe peke yake haisemi mengi. Inasema unapoilinganisha na ya gemu ya zamani kwenye TV ileile. Zikikaribiana, basi uzito unaousikia hautoki kwenye pedi wala TV, na umeshaondoa mtuhumiwa mmoja.

Hatua ya 3: Cheza kwanza gemu ya zamani

Watu huruka hatua hii, na mimi naiona ndiyo inayotenganisha maoni na kumbukumbu. Gemu unayoikumbuka si ile uliyonayo. Unakumbuka fainali uliyoshinda kwa goli la dakika ya 90, hukumbuki kipa aliyeuachia mpira kizembe.

Kabla ya kuiwasha demo, cheza mechi mbili kwenye gemu ya zamani. Timu ziwe zilezile zilizomo kwenye demo, dakika zilezile, kiwango cha ugumu kilekile. Na kamera ileile! Kamera hudanganya kuliko kitu chochote. Ikiwa mbali na juu, wachezaji huonekana wadogo na wa polepole. Ikisogea chini karibu na mstari, mchezaji yuleyule huonekana anaruka. Nimeshuhudia mabishano ya wiki nzima kuhusu kasi ya gemu, kumbe kilichobadilika ni kamera iliyowekwa tangu kiwandani.

Andika mambo matatu tu: ulipiga mashuti mangapi, pasi ngapi zilifika, na ulifanya faulo ngapi. Takwimu zote zipo kwenye skrini baada ya mechi.

Hatua ya 4: Mechi tatu ambazo huziandiki

Sasa washa demo. Kwanza nenda kwenye vitufe. Kama umelelewa na PES au Winning Eleven, jina jingine la PES, kwenye pedi ya PlayStation kitufe cha mraba kwako ni shuti na cha duara ni mpira mrefu. Kwenye FIFA na FC ni kinyume: duara linapiga shuti, mraba unapiga krosi. Upo mpangilio mbadala unaorudisha shuti kwenye mraba, uchague. Mtu aliyebaki peke yake na kipa akapiga krosi nje ya uwanja hana hali ya kuhukumu chochote kwa haki.

Angalia pia msaada wa pasi. Eneo hili linaponza wengi, maana demo mara nyingi huja na msaada uliojaa, na huenda wewe ulishazoea kupiga pasi zako bila msaada. Msaada ukiwa juu pasi zote zinafika na gemu inaonekana nyepesi. Ukiwa chini zinakwenda mrama na gemu inaonekana mbovu.

Kisha cheza mechi tatu bila daftari. Poteza, shinda, vyovyote. Huu ni muda wa vidole kuachana na mazoea. Ukisikia hasira, ni kawaida. Ukisikia furaha kubwa mno, nayo iweke kando; nyasi mpya na nyuso mpya hupendeza jioni ya kwanza, na kufikia siku ya tatu utakuwa huzioni tena. Lala.

Hatua ya 5: Majaribio yenyewe

Siku ya pili, asubuhi kama unaweza, kabla hujasoma wala kusikia maoni ya mtu.

Anza na mpira usio na mwenyewe. Hapa ndipo gemu inapojifichua kuliko pengine popote. Piga mpira mrefu juu katikati ya uwanja, halafu usiguse kitu. Tazama unavyodunda. Je, kila mdundo unapungua kama mpira wa kweli, au unafia mguuni mwa mtu kama umevutwa na uzi? Wawili wanapougombea kwa kichwa, unakwenda mahali usipopategemea, au siku zote unamwangukia yuleyule? Gonga mwamba makusudi. Piga pasi kali ya karibu kwenye mgongo wa mchezaji mwenzako asiyeangalia: inamgonga ikaruka, au anageuka kimiujiza akaituliza? Gemu ambayo mpira wake ni kitu huru, chenye njia yake, itakuvumilia mwaka mzima. Ile ambayo mpira ni sehemu ya mguu utaichoka Krismasi haijafika. Huu ni msimamo wangu wa miaka mingi na sijauona ukinidanganya bado.

Mguso wa kwanza unafuata. Mpe mshambuliaji pasi ya nguvu akiwa ameipa mgongo goli na beki yuko nyuma yake. Fanya mara kumi. Hesabu mara ngapi ametuliza safi, mara ngapi umemtoka. Halafu rudia na mchezaji dhaifu. Demo hutoa klabu tajiri, Real Madrid, Bayern, na wenzao, kwa hiyo uwanja mzima una watu wanaojua mpira na gemu nzima inaonekana ya kupendeza. Nenda benchi. Tafuta mwenye alama ndogo kuliko wote, kijana wa akiba ambaye jina lake hulijui, muingize acheze namba ya straika. Kama naye anatuliza kama nyota, jua kwamba siku utakapochukua timu ndogo kwenye ligi nzima hutasikia tofauti yoyote, na ladha ya kuijenga timu itakuwa imekufa.

Sasa uzito wa miili. Chukua winga mwepesi, kimbiza kwa kasi yote, geuza kijiti nyuma ghafla. Hesabu hatua anazopiga kabla hajageuka. Fanya hivyohivyo na beki wa kati mrefu. Tofauti ikiwa kubwa na inaonekana kwa macho, uzito ule una maana, na ukijifunza utautumia: utamvuta beki mbali halafu utamgeuka. Wote wakigeuka sawa kwa uzito uleule, uzito huo haukufundishi kitu. Angalia na miguu: inakanyaga nyasi au inateleza juu yake? Kuteleza kwa miguu ni kasoro ya michoro ya mwendo, na huwa haitibiki kwa urahisi.

Kwa kipa nina mbinu. Anzisha mechi ya watu wawili, pedi ya pili iache mezani bila mtu. Mchezaji anayeshikwa na pedi hiyo atasimama tu, wengine watacheza kiasi, nawe utapata nafasi nyingi. Piga mashuti 20: saba katikati ya boksi, saba pembeni kwenye kona kali, sita kutoka nje. Weka alama: goli, kashika, katema, nje. Ukiona pembe moja inaingia sita kati ya saba, umeigundua tundu ambayo mtandaoni kila mtu ataitumia. Angalia anavyotema pia: kipa anayetema kila mara katikati ya miguu ya washambuliaji anachosha kuliko anayefungwa.

Wenzako wasio na mpira nao wachunguze. Shika mpira katikati, simama sekunde tano. Kuna anayekuja kuomba? Winga anapanua uwanja au anakutazama? Beki wa pembeni akipanda, kuna anayeziba nyuma yake? Usipochunguza kitu kingine, chunguza hiki na mpira huru.

Mwamuzi hahitaji muda mrefu. Ingia miguuni mara tano, mbili za haki, tatu za kihuni, uone kama anatofautisha.

Mwisho kompyuta kama mpinzani. Cheza na timu ileile mechi tatu mfululizo, kiwango cha ugumu kimoja juu ya ulichozoea. Unatafuta jibu la swali moja: goli wanalokufunga linakuja kwa njia tofauti, au ni krosi ileile ya chini kila mara? Halafu cheza dhidi ya timu nyingine yenye mtindo tofauti. Kama Barcelona na timu ya mipira mirefu wanashambulia sawa, kilichobadilika ni majina na jezi tu.

Hatua ya 6: Mwalike mtu

Jioni ya siku ya pili, au siku ya tatu, cheza na binadamu. Alike wawili: mmoja mnayelingana, mwingine asiye mchezaji sana. Yule mnayelingana atakuonyesha udhaifu ambao kompyuta haiujui. Yule mwingine atakuambia ukweli ambao mazoea yamekuficha. Mdogo wangu, ambaye hushika pedi mara chache, aliwahi kuniuliza katikati ya mechi: "Kaka, mbona wote wanakimbia mikono ikiwa vilevile?" Nilikuwa nimeicheza demo ile siku mbili sijaliona. Kila mara baada ya hapo nilikuwa nalitazama.

Badilishaneni pedi na upande kila mechi. Usimweleze mtu maoni yako kabla hajacheza. Neno "nzito" likishatamkwa chumbani, wote wataisikia nzito.

Hatua ya 7: Tenga kinachobadilika na kisichobadilika

Demo si gemu iliyokamilika, lakini hilo lisiwe blanketi la kufunika kila kasoro. Yapo mambo ambayo ndani ya gemu ni nambari tu: kasi ya pasi, usahihi wa mashuti, ukali wa mwamuzi, uwezo wa makipa, ugumu wa kompyuta. Nambari hubadilishwa kwa apdeti ndogo, wakati mwingine ndani ya wiki. Mwaka 2020 NBA 2K21, gemu ya kikapu, ilikuja na namna mpya ya kulenga kwa kijiti wakati wa kurusha, waliocheza demo yake ya Agosti wakalia kwamba mpira hauingii, na siku chache baada ya gemu kutoka, Septemba, kurusha kulilegezwa kwa viwango vya chini vya ugumu. Aliyeikataa gemu kwa sababu hiyo alikataa kitu ambacho hakikudumu.

Yapo mengine ambayo ni mifupa: michoro ya mwendo, jinsi mpira unavyotengana na mguu, jinsi miili inavyogongana, akili ya wachezaji wasio na mpira. Hayo yakiwa mabovu kwenye demo, kuyatibu ni kazi ya miezi. Mfano unaofundisha kuliko yote ni eFootball 2022. Ilitoka tarehe 30 Septemba 2021 ikiwa na klabu tisa tu, nyuso zilizopinda, mabeki wasiojua wasimame wapi, na ikawa miongoni mwa gemu zenye maoni mabaya kuliko zote Steam. Siku iliyofuata Konami waliomba radhi hadharani. Wengi walitegemea marekebisho ya wiki chache. Toleo la 1.0.0, lile lililostahili kuitwa gemu, lilifika tarehe 14 Aprili 2022, zaidi ya nusu mwaka baadaye. Mashabiki waliosema tangu siku ya kwanza kwamba tatizo ni la mifupa walikuwa sahihi, na walilijua kwa kutazama wachezaji wasio na mpira.

Kwa hiyo chora mstari katikati ya ukurasa. Kushoto nambari, kulia mifupa. Hamishia kila ulichoandika upande wake. Upande wa kulia ndio wa kuamulia.

Kuna na kundi la tatu, la visivyoonekana: kazi ya ukocha, ligi ndefu, mechi za mtandaoni. Demo huvificha au huonyesha kipande. Kwa EA Sports FC 26, iliyotoka Septemba 2025, uchezaji umegawanywa mara mbili, mmoja wa ushindani wa mtandaoni na mwingine wa uhalisia kwa wanaocheza peke yao. Ukijaribu mmoja ukatoa hukumu kwa wote, umeonja mchuzi ukausifia wali. Jaribu ule utakaoutumia kweli.

Hatua ya 8: Iandike imfae mwingine

Maoni mengi ninayoyasoma ya Kiswahili kuhusu gemu ni ya mstari mmoja: "Ya mwaka huu ni nzito, bora ya zamani." Mwandishi wake hana nia mbaya, ila anayesoma yuko Arusha na ela ya mwezi mzima mkononi, na hajasaidiwa.

Anza na mazingira: mashine gani, modi ya gemu ya TV imewashwa au la, toleo namba ngapi, mechi ngapi, kiwango gani cha ugumu, kamera gani, msaada wa pasi kiasi gani. Mistari miwili inatosha. Fuata na ulichokiona, kwa hesabu. Ndipo useme ulivyojisikia, na useme wazi kwamba hapo sasa ni hisia. Kwa mfano:

"Nimecheza mechi 14 kwa siku tatu, PS4, kamera ileile niliyotumia mwaka jana. Pedi inaitika sawa na gemu iliyopita, nimepima. Beki wa kati anapiga hatua nne kabla ya kugeuka, winga mbili, mwaka jana wote walikuwa mbili. Kipa amefungwa sita kati ya saba kutoka kona ya kulia ya boksi. Wenzangu wasio na mpira wanasimama. Binafsi nimependa miili ilivyo na uzito, lakini kucheza peke yangu kumenichosha mapema."

Maneno hayo ni machache, lakini anayependa mechi za marafiki atajua inamfaa, na anayependa kujifungia na ligi yake atajua asubiri.

Ukikosea, rekebisha palepale ulipoandika. Hakuna aibu kusema siku ya saba kwamba siku ya tatu hukuona sawasawa.

Hatua ya 9: Pesa

Usilipie kabla ya kutoka kwa sababu ya demo, hata ikiwa nzuri sana, isipokuwa marafiki wako wote wanaanza siku ya kwanza na wewe unataka kuwa nao. Gemu hizi za kila mwaka hushuka bei mapema, mara nyingi mwishoni mwa Novemba tayari kuna punguzo kubwa. Wanaotumia akaunti ya PlayStation ya nchi nyingine, kama wengi wetu tulivyozoea, wahakikishe vocha ni ya nchi ileile ya akaunti, na kwamba akaunti waliyofanyia jaribio ndiyo watakayonunulia, la sivyo maendeleo yao yatabaki nyuma.

Daftari usilitupe. Apdeti kubwa ya kwanza ikifika, iache pedi ya pili mezani tena na upige mashuti yaleyale 20, kutoka sehemu zilezile, uandike tarehe juu ya ukurasa.